Dawa ya Sisimizi Isiyo na Jina

Watu wengi wakiogopa hunyamaza. Mimi nikiogopa hupiga kelele, na kelele zangu hutafuta mtu wa kumwangukia. Mume wangu anajua, wanafunzi wangu wa darasa la nne wanajua, hata mbwa wa jirani akisikia nimeinua sauti huamka akaenda zake. Ule msimu wa sisimizi, aliyekuwa karibu nami alikuwa mama yangu.

Tulikuwa tumemtoa Elburgon miezi michache kabla. Alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya mbao aliyojengewa na baba, na kwa muda mrefu tulijidanganya kwamba anasahau tu kama wazee wengine wanavyosahau. Halafu Jumapili moja akabandika sufuria ya maharagwe, akafunga kitambaa chake cha kichwa, akaenda kanisani. Majirani walivunja mlango nyumba ikiwa imejaa moshi. Nilipofika alikuwa ameketi nje juu ya gogo, viatu vya kanisani miguuni, akaniuliza ni nani huyo mjinga aliyeacha moto ukiwaka. Nilimwambia ni yeye. Nilimwambia kwa sauti, mbele ya watu. Tangu siku hiyo nilianza kumwogopa mama yangu, na pia kuogopa kwa niaba yake, na hofu hizo mbili sikuweza tena kuzitenganisha.

Nyumbani kwetu Kiamunyi niliweka sheria. Gesi asiiguse. Nilipokwenda kazini nilikuwa nikifungua ile rekuleta ya mtungi, kifaa kinachopitisha gesi, na kuitia kwenye mkoba wangu, nikaingia nayo darasani pamoja na chaki na vitabu vya kusahihisha. Kupika nilimruhusu kwenye jiko la kuni tu, kule nje, kwenye kibanda cha mabati kilicho nyuma ya nyumba, na tena awe amevaa aproni asishike moto kwenye leso. Mume wangu, ambaye kazi humweka mbali na kumrudisha mwisho wa mwezi, aliniambia kwa simu kwamba namlinda mama kama mfungwa. Nilimjibu aje amlinde yeye.

Daktari aliyempima alitushauri jambo moja ambalo nililipenda: mpeni kazi ambayo mikono yake inaijua, hata kichwa kikisahau. Basi tukampa lile shamba la mboga nyuma ya kibanda. Lilikuwa vipande vinne vya udongo mwekundu kati ya ukuta na choo cha shimo, na mimi sikuwahi kulifanyia jambo la maana. Mama aliingia humo na jembe na baada ya wiki sita tukawa na sukuma wiki, managu, terere na kitunguu cha majani. Akiwa shambani alikuwa yule yule aliyenilea. Alijua mche upi una kiu na upi umelishwa samadi mbichi ukaungua. Akitoka humo, akivuka mlango wa jikoni, angeweza kuniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo nataka ieleweke kwamba sisimizi walipokuja, sikuogopea mboga. Sukuma huuzwa kila kona pale kwetu. Niliogopa kwamba shamba likifa, mama yangu hatakuwa na mahali pa kuwa mwenye akili zake.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Walianza kidogo: vichuguu vya udongo laini kwenye mashina ya sukuma, kisha mstari mweusi ukipanda na kushuka kwenye bua. Majani yakaanza kujikunja. Nilipoyageuza nikakuta chini yake vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu, wamejazana kana kwamba mtu amenyunyiza unga wa mtama.

"Hawa sisimizi hawana shida na sukuma," mama aliniambia. "Hao wadogo ndio wako na shida. Wanafyonza jani, wanatoa maji tamu, sisimizi wanakuja kwa hiyo tamu. Toa hao wadogo, utaona hawa wataenda."

Alikuwa na njia yake. Kila asubuhi alichukua beseni la maji ya sabuni ya kipande na kitambaa kikuukuu, akapangusa jani moja moja upande wa chini, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Majani yaliyogusa ardhi aliyakata, ili sisimizi wasipate ngazi. Mashina aliyazungushia majivu makavu kutoka jikoni. Kile kichuguu kikubwa karibu na choo alikimwagia maji baridi na kukikoroga kwa jembe, akaondoka, akarudi kesho yake kukikoroga tena. Nilipomuuliza kwa nini asimwage maji ya moto mara moja tuwamalize, aliniangalia kwa huruma.

"Na mizizi je? Utapika sukuma ikiwa bado kwa shamba?" akasema. "Sisi hatuwaui. Tunawasumbua tu mpaka wahame."

Njia hiyo inafanya kazi. Naisema mapema kabisa kwa sababu nimeona. Lakini inataka subira, na mimi subira yangu yote huisha darasani. Mvua ilinyesha mchana ikaosha majivu, mama akaweka mengine. Ikanyesha tena. Wiki ya tatu sisimizi walikuwa bado wapo, labda wamepungua, labda ni macho yangu.

Halafu kulikuwa na ile asubuhi ya Jumatatu. Nilitoka kuanika nguo nikamwona mama amesimama katikati ya shamba na beseni mkononi. Amesimama tu. Nilimwita, hakujibu. Nilipokaribia nikaona amesahau alichokuja kufanya, macho yameganda kwenye ukuta, na mkono wake wa kushoto, ule ulioegemea bua la sukuma, ulikuwa mweusi hadi kwenye kiwiko. Sisimizi walikuwa wakimpanda. Walikuwa wanamuuma, niliona ngozi imeshaanza kuvimba, na hakuwa akiusogeza mkono.

Nilipiga yowe nikamvuta, nikampangusa kwa kanga niliyokuwa nataka kuanika. Yeye alishtuka kwa yowe langu, si kwa kuumwa. Usiku nilipofumba macho niliuona ule mkono. Nikaamua kwamba wale wadudu wataondoka wiki hiyo hiyo, na sitamwambia mama vipi.

Siku iliyofuata nilikwenda mjini Nakuru, kwenye duka la dawa za mifugo na mimea. Dawa zenye lebo zilikuwa kwenye rafu, makopo makubwa ya kutosha ekari nzima. Nikamwambia muuzaji nina kashamba kadogo tu. Akainama chini ya kaunta akatoa debe lisilo na maandishi.

"Basi chukua ya kupima, mathe," akasema. "Wengi wanachukuanga hii."

"Haitaharibu mboga?"

"Usiweke kwa majani. Weka kwa shimo yao tu na hapo chini kwa mti. Alafu usichume kama wiki moja hivi. Ama mbili."

"Moja ama mbili?"

"Weka mbili, uwe safe."

"Inaitwaje?"

"Hiyo ni ya sisimizi," akanijibu, huku akichota kwa kijiko na kumimina unga mweupe kwenye kipande cha gazeti. Akakikunja, akakibana ncha, akanipa.

Mimi ambaye humrudishia mtoto daftari akisahau kuandika tarehe, nilitoka dukani na sumu isiyo na jina. Tena sikuona ajabu. Kwetu vitu vingi hununuliwa hivyo, vya kupimwa na kufungwa kwa gazeti: karanga, pilipili, ugoro wa wazee, magadi ya kulainishia githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe. Magadi yenyewe tulikuwa nayo nyumbani, imefungwa vivyo hivyo, imechomekwa juu kwenye kibanda cha jiko, kati ya mbao na bati, mahali ambapo moshi huiweka kavu. Nayo pia ni unga mweupe.

Asubuhi ya Jumatano nilingoja mama aketi mbele ya nyumba kumsuka binti yangu. Binti yangu alikuwa na miaka mitano, na kusukwa na bibi yake, shosho, kulichukua muda kwa sababu kila mstari ulikuwa na hadithi yake. Nikazunguka nyuma kama mwizi. Nikamwaga unga kwenye vichuguu na kuzunguka mashina, nikaona sisimizi wanajikunja na kupoa, nikafurahi. Hata leo naikumbuka ile furaha, na inanitia aibu. Nilikuwa nimebakiza nusu simu ilipolia. Mwalimu mkuu alitutaka shuleni kwa mkutano wa ghafla kabla ya kufungua muhula. Nilikunja gazeti, nikatafuta mahali ambapo mtoto hafiki, nikalichomeka pale juu kwenye kibanda. Nikanawa mikono. Nikawaaga waliokuwa mbele ya nyumba nikaondoka, na kwa mara ya kwanza katika miezi kadhaa niliondoka bila wasiwasi.

Nilirudi saa saba na nusu. Mama alikuwa amepika githeri. Sufuria ilikuwa imeshaipuliwa, yeye na mtoto walikuwa wamekula, na mtoto amelala kwenye kochi na kichwa chake kipya chenye mistari. Mama akanipakulia. Nilikula nikiwa nimesimama, kama kawaida yangu, huku nikimsimulia upuuzi wa mkutano. Nilishangaa kidogo kwamba githeri haikuwa na mboga, maana mama hakuwahi kupika githeri bila kuikatia managu. Sikuuliza. Nilikuwa kijiko cha tatu au cha nne niliposikia jinsi mahindi yalivyokuwa laini.

"Imeiva vizuri," nikasema.

"Niliweka magadi," akanijibu.

Sijui nilivyofika kwenye kibanda. Nilikuta pale juu kumechomekwa gazeti moja tu. Nililishusha, nikalifungua, nikaonja kwa ncha ya ulimi kabla sijafikiri, nikasikia ule ukali wa magadi. Hii ilikuwa magadi. Basi ile nyingine iko wapi? Nikatazama chini, kwenye mafiga, na kwenye ukingo wa majivu nikaona kona ya gazeti ambayo moto haukuimaliza. Ilikuwa na tangazo la ploti zinazouzwa. Lile la dawa ndilo lililokuwa na tangazo la ploti. Nilikuwa nimelisoma garini nikirudi kutoka mjini.

Nilirudi ndani nikamshika mama mabega.

"Uliweka nini kwa sufuria?"

"Magadi."

"Gani? Ya wapi?"

"Ile ya huko juu."

"Huko juu kulikuwa na mbili! Uliweka gani?"

Nilimtikisa. Natamani ningeandika kwamba nilimshika tu, lakini nilimtikisa. Nikamwambia ile ilikuwa sumu. Nikamwambia amempa mtoto wangu sumu, amechoma gazeti lake na sasa hata hakumbuki. Nilisema mengine ambayo siyaandiki. Uso wake ulibadilika mbele ya macho yangu. Kwanza ulikuwa wa mtu aliyeonewa, anayetafuta neno la kujitetea. Kisha lile neno likampotea, na akabaki na uso wa mtu aliyepatikana na hatia.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Nimeua mtoto."

Mtoto aliamka kwa kelele, akaanza kulia. Nilimtazama machozi yakimtoka na mate yakimtoka, nikaona ndiyo hiyo imeanza. Jirani yangu alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukuta, akaja na funguo za gari mkononi bila kuitwa. "Ingieni, ingieni kwa gari, tutaongea mbele," akasema. Alituweka nyuma sote watatu. Njia nzima nilihesabu pumzi za mtoto. Nilisikia ulimi wangu ukifa ganzi, nikajua na mimi nimeshikwa, nikaanza kuwaza nani atamlea huyu mtoto, kisha nikakumbuka kwamba mtoto mwenyewe anakufa kabla yangu. Mama alikaa upande wa dirisha na mikono yake miwili ameikalia. Sikumtazama tena.

Hospitalini walitupokea haraka. Daktari alikuwa kijana mwembamba, mtulivu, na utulivu wake ulinikera. Akammulika mtoto macho kwa tochi, akampima mapigo ya moyo, akauliza kama ametapika, kama anatokwa jasho. Halafu akaniuliza swali ambalo nilijua linakuja.

"Ni dawa gani, mama?"

"Ya sisimizi."

"Jina lake?"

"Sijui."

"Umebeba pakiti?"

"Haina pakiti. Ilikuwa ya kupimwa."

Akaweka kalamu chini. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba sumu hizi hazifanani, kwamba nyingine zina dawa yake na nyingine hazina, na kwamba asipojua ni ipi hataweza kufanya mengi zaidi ya kutupa kitu cha kufyonza sumu tumboni na kutuangalia kwa makini. Nilimwambia ampigie yule muuzaji, kisha nikakumbuka sina namba yake, na hata duka lenyewe sikuwa na uhakika lilikuwa la tatu au la nne kutoka kona. Jirani yangu alikwenda mjini kulitafuta. Mimi nikabaki.

"Nani alipika?" daktari akauliza.

"Ni mama yangu. Siku hizi hana akili vizuri," nikasema, na mama ameketi pale pale, futi tatu kutoka kwetu.

"Ni mimi," mama akamwambia daktari. "Niliweka sumu. Nifungeni."

Walituletea vikombe vya dawa nyeusi ya mkaa. Mtoto alipigana nayo, akaitema kwenye blauzi yangu ya mkutano, tukamshika na muuguzi tukamnywesha kwa nguvu huku akiniita mama mbaya. Nilikunywa yangu. Mama alikunywa yake yote bila kupumzika na hakupangusa mdomo. Alikaa kwenye benchi midomo imekuwa myeusi, akiangalia mlango, nadhani akingoja polisi.

Saa tisa. Saa kumi. Nimesimamia mitihani ya miaka mingi lakini sijawahi kuona saa ya ukutani ikikataa kwenda kama ile. Kila mtoto akipiga miayo roho ilinitoka. Akiomba maji nilijiuliza kiu hiyo ni ya nini. Akinyamaza nilimwamsha, akiongea nilisikiliza kama ulimi wake ni mzito. Niliomba Mungu aniue mimi, kisha nikaogopa asije akanisikia vibaya. Jirani akapiga simu: amelipata duka, muuzaji anasema hajawahi kuniona na hauzi dawa ya kupima.

Ilikuwa kama saa kumi na moja hivi alipoingia muuguzi mwingine wa zamu mpya, mama mnene mwenye sauti ya kuimbisha watoto. Hakujua habari yetu yote. Aliketi kitandani akamshika mtoto kidevu, akamsifu nywele.

"Nani alikusuka hivi?"

"Shosho."

"Na ulikula nini leo?"

"Githeri."

"Shosho aliweka nini kwa githeri?"

"Chumvi. Na magadi."

"Magadi peke yake?"

"Eeh. Hiyo ingine ilikuwa mbaya," mtoto akasema, akicheza na kitambulisho cha muuguzi kifuani. "Shosho alinusa akasema ni ya kuua. Akamwaga kwa choo. Akachimba ile ya kwa sukuma pia akamwaga. Akasema leo hakuna mboga. Akaniosha mikono na sabuni tena na tena mpaka nikachoka."

Muuguzi alinitazama. Mimi nilimtazama daktari ambaye alikuwa amesimama mlangoni na faili. Saa tatu nzima tulikuwa na mtu aliyeona kila kitu, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshatoa jibu.

Nilipiga magoti mbele ya benchi la mama. Nikamshika mikono, ambayo sasa ninapokumbuka ilikuwa inanuka sabuni tangu mchana, na mimi nilikuwa karibu nayo garini wala pua yangu haikusikia.

"Mama, ni kweli? Uliimwaga?"

Alimwangalia mtoto, kisha akaniangalia mimi. Alikuwa akijitahidi, niliona akitafuta ndani ya kichwa chake, kwa bidii, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda.

"Sikumbuki," akasema. "Wewe ndiye ulisema niliweka. Kwa hivyo niliweka."

Walitubakiza pale hadi asubuhi kwa tahadhari, na hakuna aliyepata hata kichefuchefu. Tuliporudi nyumbani nilikwenda moja kwa moja nyuma. Kwenye mdomo wa choo kulikuwa na chembe nyeupe. Kila mahali nilipokuwa nimemwaga dawa, udongo ulikuwa umechotwa kwa jembe hadi upana wa kiganja, bila kukata mzizi hata mmoja, na mashina yamezungushiwa majivu mapya. Alikuwa amenusa, akajua, akaondoa sumu mahali pote pawili, akachoma karatasi ili mtoto asiiokote, akaacha kuchuma mboga, akanawa, akaenda kupika kwa magadi ya kweli. Baadaye nilikumbuka kwamba enzi za ujana wake alifanya kibarua kwenye mashamba makubwa ya viazi, na kwamba pale walikuwa wakipaka mbegu dawa kwa mikono mitupu. Kichwa chake kilikuwa kimesahau jina langu mara mbili wiki hiyo, lakini ile harufu hakikuisahau. Asubuhi ile mama yangu alikuwa mzima kuliko mimi. Aliokoa mtoto wangu kutoka kwangu, na kabla ya saa nane nilikuwa nimemsadikisha kwamba yeye ndiye muuaji.

Nilimwomba msamaha. Nilimwomba siku hiyo, na kesho yake, na mara nyingi baadaye, kwa sababu anasahau kwamba nimeomba. Kila mara hunipapasa mkono. "Si kitu," husema. "Uliogopa." Kila kitu kingine cha siku ile kimemtoka: hospitali, daktari, ile dawa nyeusi. Nilidhani basi na lile neno langu, kwamba ametia sumu, nalo litamtoka. Hofu ndiyo imebaki. Hajui ilitoka wapi, lakini anayo.

Mboga zilizokuwa karibu na vichuguu nilizing'oa nikazitupa chooni, sikutaka kubahatisha. Zilizobaki nilizitunza mwenyewe kwa njia yake: beseni, sabuni ya kipande, kitambaa, jani moja moja upande wa chini. Nilikata yaliyogusa ardhi. Nilikoroga kichuguu kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na mvua ikiosha majivu niliweka mengine bila kulalamika. Ilichukua kama mwezi. Siku moja nikakuta mstari mweusi unaelekea upande wa pili, nje ya ukuta, wengine wamebeba mayai yao. Sukuma ikatoa majani mapana yaliyonyooka. Nilimwita mama aje aone. Alisimama kwenye ukingo wa shamba, hakuweka mguu ndani, akaniuliza kama ni sawa yeye kugusa. Nilimwambia ni shamba lake. Akatikisa kichwa, akarudi ndani.

Rekuleta siibebi tena kazini. Nimemwambia gesi ni yake, kibanda ni chake, apike anavyotaka. Haguswi na hayo. Jioni nikibandika sufuria huja jikoni akasimama karibu yangu, na wakati mwingine mikono yake humwongoza yenyewe, hushika kijiko, huchota. Halafu husimama. Jana aliniletea kiganja kilichofumbwa, akakifumbua chini ya taa.

"Hii ni nini?"

"Ni chumvi, mama."

"Una hakika?"

Nilionja kutoka kiganjani mwake ili aone. Nikamwambia ni chumvi, aitie tu kwa chakula. Hakuitia. Alinimiminia yote mkononi mwangu, punje kwa punje hadi kiganja chake kikabaki kitupu, akarudi nyuma hatua mbili, akaficha mikono chini ya leso, akangoja nitie mimi.